Motokari ya papa inalala upande, nianzie wapi?

Wasomaji wanauliza, fundi anajibu

Mwezi huu mesaji zimekuja nyingi na karibu zote ni za ugonjwa mmoja, sijui ni mvua, sijui ni mashimo ya barabara zetu za Lubumbashi, lakini inaonekana kila mwenye gari la zamani ameamka asubuhi moja akalikuta limeegemea upande kama mzee aliyesahau fimbo. Nimechukua nne. Ile ya kwanza nimeijibu kwa kirefu juu ukiishika hiyo, zile zingine utazijibu hata wewe mwenyewe.

SWALI. Jambo ba fundi. Niko mu Kamalondo. Marehemu papa alituachia Mercedes 240 D ya 1981, ile batu banaita W123, vola (usukani) kushoto, na inatembea muzuri hata leo. Shida ni moja, nyuma mkono wa kushoto imelala. Ukisimama nyuma yake unaona kabisa, pareshoki iko inaangalia chini upande mmoja. Fundi wa kwanza alisema ni amotisere, tukaweka mbili mpya, hakuna kitu ilibadilika. Wa pili akasema resori ya nyuma kushoto imechoka, tukabadilisha hiyo moja na ya okaze, ile ilishatumika, ile siku ikapanda kidogo tukafurahi, kesho yake ikarudia vilevile. Sasa wa tatu anasema shasi imepinda na anaomba dola 400. Mama anasema tuuze. Miye sitaki. Nianzie wapi?

JIBU. Mdogo wangu, zile dola 400 zibakie kwanza mu mfuko. Na mama mwambie angojee jumamosi mbili tu.

Naanza na amotisere kwa sababu njo kosa ninaloliona kila juma. Amotisere haibebi motokari. Anayebeba ni resori, ile springi ya chuma. Kazi ya amotisere ni kutuliza, ukiisha kupita mu shimo gari lisiendelee kurukaruka kama mtoto juu ya kitanda cha wageni. Zile za gazi zinasukuma kidogo, ni kweli, lakini kidogo tu, hazina nguvu ya kusimamisha kona ya Mercedes ya kilo zaidi ya 1,300. Kwa hiyo fundi akiona gari limelala na neno la kwanza mdomoni mwake ni amotisere, mshukuru, mpe ya maji, uende zako.

Sasa wewe anza na mambo ya aibu, yaani yale ambayo fundi hapendi kuyaangalia juu hayana pesa ndani. Pine zote nne ziwe za kipimo kimoja na presio ipimwe asubuhi zikiwa baridi, ipimwe na manometa ya kwado, yule mziba pine, siyo kwa kupiga teke. Kofre uitoe vitu vyote, na nasema vyote, magari ya papa zetu mu kofre mnakuwaka historia nzima ya familia, mimi niliwahi kukuta betri ya kamio imekaa kona ya kushoto chini ya gunia na mwenye gari akaapa hajawahi kuiona.

Halafu udongo wenyewe unaosimama juu yake. Watu wananiambia eti nilipima ku stasio ya esansi, pale ni beto, ni sawa. Hapana bwana, beto ya stasio inamwagwa na mteremko makusudi ili maji ya mvua yatoke. Kama hauna mahali unapoamini fanya hivi, pima, andika, kisha geuza gari liangalie kule lilikotoka na magurudumu yakanyage palepale, pima tena. Kama upande uliolala umehama, mgonjwa ni sakafu. Ni dakika kumi na ni bure, na kuna mtu mmoja wa Kampemba angeifanya hii asingenunua resori mbili.

Kupima nako kuna namna. Usipime toka chini mpaka gadibu, lile bati juu ya gurudumu, maana hapo unapima na pine pamoja. Pima toka katikati ya gurudumu, pale penye nyota, ukipanda wima mpaka ukingo wa gadibu. Kabla ya kupima sukuma gari mita tano mbele, mita tano nyuma, bonyeza kila kona mara tatu uiachilie ijipangie yenyewe. Hii usiiruke. Gari likitoka kwenye kriki, yaani jeki, magurudumu yanashuka yakiwa yamejikunja ndani, pine zinashika sakafu na zinalizuia lisikae chini vizuri, linabaki limesimama juu kwa uongo mpaka litembee. Njo ile furaha yenu ya siku moja na resori ya okaze. Haikuwa resori, ilikuwa kriki. Mlishusha gari mkaliangalia, mkashukuru Mungu, kesho yake likatembea likasema kweli.

Tofauti ya chini ya mm 10 kati ya kushoto na kuume mimi siigusi. Gari la miaka zaidi ya 40 ambalo shofere amekaa upande uleule kila siku lina haki yake ya kuinama kidogo. Yako naamini imepita hapo kama unaiona na macho.

Sasa tuingie kwenye nyama yenyewe. Umeandika nyuma kushoto imelala, na mafundi wote watatu wameenda moja kwa moja nyuma kushoto, kama daktari anayekufunga bandeji mahali unapoonyesha na kidole. Lakini karosri (bodi) ya W123 ni sanduku moja gumu, haina shasi ya kutenganisha kama kamio, na sanduku gumu haliwezi kulala nyuma peke yake. Pima utaona: tofauti ya kushoto na kuume uliyoipata nyuma, karibu ileile utaikuta na mbele. Ila wewe ulikuwa unasimama nyuma kwa sababu nyuma njo kuna pareshoki ndefu na bamba la numero vinavyokuonyesha. Mmekwisha kuhamisha kabati watu wanne? Mmoja wa mbele kushoto akiwa mfupi kabati lote linalala kushoto, na yule wa nyuma kushoto ambaye hana kosa njo watu wanamkemea, inua wewe, inua! Kwa hiyo kona iliyolala inakuambia upande gani tu. Haikuambii kama ugonjwa uko mbele ao nyuma.

Na jibu la mbele ao nyuma linapatikana kwa kriki moja na kipande cha mti.

Kaa mahali pa sawa ulipokwisha kuhakikisha. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Ingiza kriki ya magurudumu, ile ya garaji, chini ya traversi ya mbele, ule mhimili wa chuma unaokata gari toka kushoto mpaka kuume, katikati kabisa, pima na metre usikisie, na juu ya kriki weka kipande cha mti chembamba, siyo ubao mpana. Ubao mpana utashika gari pande mbili na jaribio lote limeharibika, sisi tunataka mbele ikae juu ya nukta moja kama mizani ya sokoni ili resori za mbele zisiwe na neno tena. Inua mpaka magurudumu ya mbele yatoke chini kidole kimoja, viwili. Hakuna mtu kuingia chini, hata mkono. Bonyeza nyuma mara mbili ijipange. Sasa enda nyuma upime.

Kama nyuma imejinyoosha, kushoto na kuume zimelingana ao karibu, basi resori za nyuma hazina kosa, mbele njo ilikuwa inamvuta mwenzake. Kama nyuma imebakia imelala vilevile, kosa liko nyuma. Kisha rudilia kinyume, kriki chini ya difere, lile sanduku la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, nyuma juu, upime mbele, maana kuna magari yenye ugonjwa kote kuwili na ukifanya nusu ya jaribio utapata nusu ya jibu.

Mimi ningebahatisha kusema yako iko mbele. Nitakuambia kwa nini. Mlibadilisha resori ya nyuma kushoto na hakuna kitu kilibadilika. Ya okaze inaweza nayo kuwa imechoka, sawa, lakini zote mbili zichoke milimita kwa milimita? Sidhani.

Ukiisha kujua ni mbele, kabla ya kununua chochote osha. Osha na maji ya nguvu na brosi, toa ule udongo mwekundu wote uliojikusanya mu kikombe cha chini ambamo resori inakaa, halafu ingiza taa na uhesabu mizunguko ya resori kushoto na kuume. Mara nyingi mzunguko wa mwisho kabisa wa chini unakatika, juu pale udongo unashika maji na kutu inakula, na kile kipande kinabaki mu kikombe kimejificha, ukipita na taa mbiombio unaona resori nzima. Peugeot 404 yangu mwenyewe ilinitesa mwaka mzima namna hiyo. Nilibadilisha ya nyuma, nikabadilisha silambloki, ile mipira ya viungo, nikagombana na mtoto wa ndugu yangu aliyekuwa ananiambia mjomba osha kwanza. Kipande kilikuwa na urefu wa kidole.

Jambo lingine la W123 ambalo mafundi wengi hapa hawalijui. Juu ya kila resori ya mbele kuna mpira, kama sahani nene yenye tundu katikati, na mipira hiyo haifanani. Kuna ya mm 8, ya mm 13, ya mm 18 na ya mm 23, na unaijua kwa kuhesabu vinundu vya mpira vilivyotokeza ukingoni, kimoja mpaka vinne. Kiwandani walichagua unene kwa kila kona ili gari likae sawa. Sasa fundi akifungua mbele, akarudisha wa kushoto kuume na wa kuume kushoto ao akaweka wowote aliokuta sokoni, gari linalala na resori zote nzima. Na kwa kuwa resori inakaa katikati ya mkono wa chini na siyo kwenye gurudumu, mm 5 za mpira zinaonekana zaidi ya mm 5 kule nje.

Stabilizatere, ile bara ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kuume, nayo inaweza kulaza gari kama imepinda ao biyeleti, vile vijiti vya kuishikisha, za pande mbili hazina urefu mmoja, na kwa magari mengi nakuambia fungua biyeleti uone kama kimo kinabadilika. Kwa yako fungua ya nyuma tu. Ya mbele usiiguse, mu W123 ile bara ya mbele njo inashika mkono wa juu mahali pake, ukiifungua gurudumu halina mwenye kulishika.

Na kama itafika kutoa resori ya mbele, tafadhali sana, hii siyo kazi ya kufanya nyumbani na minyororo. Inataka kompresere ya ndani, chombo cha kubana resori, ile ya sahani mbili inayopita katikati ya resori. Zile za ndoano mbili za nje hazina nafasi pale na zikiteleza resori inatoka kama risasi. Mutafute fundi mwenye nayo, muulize akuonyeshe kabla hajashika funguo.

Shasi iliyopinda tuiweke mwisho. Kwanza hilo gari halina shasi, nimekwisha kusema. Lakini karosri inaweza kupinda kwa aksida, na hilo linapimwa siyo kuotewa. Shusha timazi toka kwenye tundu za longero, ile mihimili miwili ya chini ya gari, mbele mbili nyuma mbili, pande zote mahali pamoja, weka alama za chaki sakafuni, sukuma gari liondoke, kisha pima na kamba zile alama nne kwa msalaba. Misalaba miwili ikilingana, huyo wa dola 400 hana kesi.

SWALI. Salamu fundi. Mimi ni mzee wa Ruashi, mastaafu. Niko na Land Rover Series III, ile fupi, niliinunua Zambia, vola iko kuume na sikuibadilisha. Lame zake, zile springi za mabamba, zilikuwa zimenyooka kama ubao, nikaagiza seti mpya ya nne. Tangu fundi aziweke, gari inalala kuume, na inakuwa ngumu, inanitingisha kama niko mu brueti. Za zamani zilikuwa bora. Nimeibiwa?

JIBU. Heshima yako mzee wangu. Hapana, lame zako pengine ni nzuri sana, naona zimekaa upande usio wake.

Land Rover za Series, toka 1948 mpaka 1985, hazina lame zinazofanana kushoto na kuume. Ile ya upande wa shofere imepindwa zaidi, maana kiwanda kilijua shofere yuko kila siku na abiria yuko siku moja moja. Numero zake nazo ni tofauti. Sasa fikiria fundi wetu hapa Lubumbashi amefungua karatasi, anasoma lame ya shofere, kichwani mwake shofere anakaa kushoto kama magari yote ya Congo, anaifunga kushoto. Kumbe yako vola iko kuume! Kwa hiyo kushoto umepewa lame yenye mgongo mkubwa isiyo na mtu wa kubeba, na kuume ile dhaifu, na wewe juu yake. Italala kuume tu, haina ujanja.

Uhakika wake ni rahisi. Angalia numero iliyopigwa ao iliyopakwa rangi kwenye lame. Ikiwa imefutika, wakizitoa zilaze mbili sakafuni zimegusana ncha kwa ncha, utaona moja imepanda zaidi katikati. Hiyo iende kuume, mbele vilevile na nyuma. Na usishangae kama ikiisha kuwekwa sawa gari tupu litasimama juu kidogo upande wa kuume, hivyo njo inavyotakiwa, pima ukiwa umekaa kwenye vola.

Ule ugumu ni jambo la pili na hapa namkasirikia fundi kidogo. Silambloki za lame ni mpira ulioshikana na bomba la chuma ndani na bomba nje. Ukikaza bulo, yaani bolti, bomba la ndani linabanwa kabisa, halizunguki tena, kinachojipinda ni mpira. Sasa fundi akikaza bulo zote gari likiwa juu ya shandele, vile vigingi vya chuma, na magurudumu yananing'inia, mpira unalala usingizi katika hali ile, na gari likishuka mpira unajipinda wote na kuanza kusukuma gari juu kama resori ya pili. Ndiyo ugumu wako. Na kwa kuwa kila kona ilikazwa ikiwa imening'inia kwa namna yake, inaongeza kulala. Baada ya miezi michache mpira utapasuka, utaambiwa silambloki za siku hizi ni feki.

Dawa yake: bulo zote za lame zilegezwe gari likiwa chini juu ya magurudumu yake, usukume mbele na nyuma, watu wawili wakalie pareshoki wainuke, wakalie wainuke, kisha ukaze palepale chini bila kuinua. Lakini kwanza mbadilishane pande, msikaze mara mbili bure. Na wakiwa pale waangalie bulo ya katikati ya kila lame, kichwa chake kinapaswa kuingia kwenye tundu la kiti cha daraja, yaani ekseli, kikiwa kimekaa pembeni daraja linasogea nyuma na gari linatembea kama kaa.

Mtu akikushauri kuongeza bamba moja la lame ya kamio upande wa kuume ili kusawazisha, mkatalie kwa heshima ao bila heshima, vyovyote.

SWALI. Bonjour fundi, mimi ni mama wa Bel-Air, nina Volkswagen Coccinelle 1300 ya bwana yangu. Walifungua nyuma kubadilisha mipira, wakaifunga, sasa mkono wa kuume iko juu kama vidole vitatu. Fundi anasema nitafute resori mpya lakini mimi niliinama chini na sikuona resori hata moja!

JIBU. Mama, macho yako ni mazima kuliko ya fundi wako. Coccinelle haina resori ya kuzunguka nyuma. Iko na bara mbili za chuma zilizojificha ndani ya bomba linalokata gari toka kushoto mpaka kuume, na zinabeba kwa kujikamua, kama unavyokamua nguo iliyoloa. Kila bara ina meno ku ncha zote mbili, 40 ndani na 44 nje, na bamba linaloshika gurudumu linaingia kwenye yale ya nje. Fundi alipofungua hakuweka alama, aliporudisha akaruka jino. Jino moja la nje ni digrii nane na kitu, la ndani ni digrii tisa, linatosha kabisa kukupa vidole vitatu.

Uzuri ni kwamba 40 na 44 hazilingani, kwa hiyo ukienda jino moja ndani mbele na jino moja nje nyuma unapata tofauti ya chini kidogo ya digrii moja, kwa hiyo gari linaweza kusawazishwa mpaka unywele. Afungue pande zote mbili, aache mabamba yaning'inie huru, apime pembe ya kushoto na ya kuume na kipima pembe, azilinganishe. Asijaribu kubadilishana bara za kushoto na kuume kama tunavyofanya na resori za magari mengine ili kuona ugonjwa kama unahama. Hizi zimekamuliwa kiwandani kila moja kwa upande wake, zimeandikwa L na R ku ncha, ukizigeuza zinakatika. Na lile bamba likitoka kwenye kizuizi chake linaruka na nguvu nyingi, awe na kriki chini yake na uso wake uwe mbali.

SWALI. Fundi niko ku commune Kenya ya hapa Lubumbashi, Peugeot 504 yangu mkono wa kushoto iko juu kuliko kuume, rafiki anasema nikate mzunguko mmoja wa resori ya kushoto zitalingana. Ni kweli?

JIBU. Zitalingana ukiwa umesimama. Resori ukiikata inakuwa fupi na inakuwa ngumu, basi utakuwa na upande mmoja mgumu na mwengine laini, na kwenye kona ya kwanza ya mbio njia ya Likasi utaelewa. Tena nani alikuambia kushoto njo iko juu? Pengine kuume njo iko chini. Rudi usome jibu la kijana wa Kamalondo, tafuta kriki na kipande cha mti.

KABLA YA KUCHAPA. Huyo kijana wa Kamalondo amenitumia picha juzi. Alifanya jaribio, mbele ikainuliwa, nyuma ikanyooka karibu kabisa, amotisere mpya mbili na resori ya okaze zilinunuliwa bure. Walipata fundi mwenye kompresere ya sahani, wakatoa resori ya mbele kushoto. Nzima, haijakatika. Ila juu yake pahali pa mpira wa Mercedes kulikuwa na kipande cha pine ya zamani kimekatwa na kisu, bado unaona michoro ya pine, kimebanwa mpaka kimekuwa chembamba kama kandambili iliyolika. Kuume kuna mpira wa kweli wa vinundu vitatu. Nani aliyeiweka hiyo pine hatutajua, papa aliondoka nayo siri.

Mdogo wangu, weka wa vinundu vitatu na kushoto, halafu nyuma rudisha resori mbili za namna moja, hiyo ya okaze toa. Tembea juma moja, pima tena, na ukiona imekaa enda upimishe paralelismu, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, juu kimo cha mbele kikibadilika magurudumu nayo yamegeuka kidogo, na pine zako zitalika upande mmoja kabla ya Noeli.